Kipimo cha kamera tumboni si lazima kikutese

Wako watu wanaokwepa kupimwa kwa sababu ya habari walizosikia kuhusu mpira wa kamera, na wengine walishapimwa mara moja wakaapa hawarudi tena. Mimi nilikuwa katika kundi la pili. Ninayaandikia makundi yote mawili, maana nimepitia kipimo kilekile kwa namna mbili tofauti kabisa, na tofauti hiyo haikuletwa na bahati. Ililetwa na mambo madogomadogo ambayo mgonjwa anaweza kuyaulizia, kuyaomba, na mengine kuyafanya mwenyewe nyumbani kabla hajafika hospitali.

Kwangu yalianza na uchovu. Nikipanda ngazi nahema, moyo unadunda, viganja vimepauka. Damu ilipopimwa ikaonekana nina upungufu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akikutwa na hali hiyo, daktari haridhiki kumpa vidonge akaishia hapo; anataka kujua damu inapotelea wapi. Nami kwa miaka mingi nilikuwa namezea magoti yangu dawa za maumivu, zile za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, na kiungulia kilikuwa hakinibanduki. Daktari akasema tuanzie juu, tuangalie umio na tumbo, yaani gastroskopia, halafu tushuke kwenye utumbo mpana.

Kipimo cha kwanza nilikwenda nikiwa najua jambo moja tu: nisile kitu. Nilipuliziwa ganzi kooni, chungu kama shubiri, nikalazwa ubavu wa kushoto, nikawekewa kile kipande cha plastiki cha kung'ata, na kabla koo halijafa ganzi vizuri mpira ukawa umeshaingia. Nikajaribu kumeza mate, yakapita njia siyo, nikakohoa, machozi yakanitoka, nikaukamata mpira kwa mkono. Muuguzi akanishika mikono, "Mama, tulia! Tulia!" Mtu anayeamini kwamba anakata pumzi hatulii kwa kuambiwa atulie. Dakika zile hazikuwa nyingi, kipimo chenyewe huchukua dakika 5 hadi 15 hivi, lakini nilitoka mle ndani nimelowa jasho, koo linawaka, na hakuna aliyenieleza lililonipata.

Majibu yakaja: kidonda tumboni. Wakati wa kipimo walichukua vinyama vidogo vya kupeleka maabara, na kuangalia kama kuna bakteria wa Helicobacter pylori, ambao huweza kuleta vidonda vya tumbo. Dawa za magoti nikaachishwa, nikapewa za kupunguza asidi. Kisha daktari akasema neno nililoliogopa kuliko kidonda chenyewe: baada ya wiki 8 hadi 12 kipimo kirudiwe. Sababu yake ni ya msingi. Kidonda kilichoko kwenye tumbo lenyewe huangaliwa tena ili kuthibitisha kimefunga, kwa kuwa vichache kati ya vidonda vya aina hiyo huwa saratani, na saratani hiyo inaweza kufichama hata vinyama vya kwanza vikarudi safi.

Moyoni nilishakataa. Aliyenigeuza ni binti yangu. "Mama, kabla hujasema hapana," akaniambia, "twende tukaulize ni kitu gani kinaweza kubadilishwa." Mimi sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kipimo cha hospitali kina vitu vya kubadilishwa. Tumezoea kwamba mgonjwa haulizwi uji. Lakini katika kipimo hiki mgonjwa anapaswa kuulizwa, na asipoulizwa, aseme mwenyewe.

Tulimkuta muuguzi wa chumba cha endoskopia, yaani cha vipimo vya mpira wa kamera, mtu wa rika langu, aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Alitukalisha, akaniuliza kipi hasa kilinitesa mara ya kwanza. Nikamwambia: pumzi. Akasema, "Dada yangu, pumzi hukukosa hata kidogo. Njia ya hewa na njia ya chakula ni mbili, mpira unapita kwenye ya chakula. Ulichopata ni koo kukataa, na hofu juu yake." Akanionyesha mpira wenyewe. Unene wake ni milimita 9 au 10, haufikii kidole chake cha mwisho. Akanieleza pia kitu kilichonishangaza: ngozi ya ndani ya tumbo na utumbo haihisi kukatwa. Wanapochukua kinyama mgonjwa hahisi chochote. Kinachouma ni kuvutwa na kutanuka, yaani hewa wanayopuliza ili kufungua nafasi ya kuona, na mpira unapousukuma utumbo kwenye kona zake. Kwa hiyo mateso yana vyanzo vinavyojulikana, koo, hewa, kona na hofu, na kila kimoja kina namna yake ya kupunguzwa.

Akanipa mazoezi ya nyumbani. Nikae, nifungue kinywa nusu, nivute pumzi kwa pua pole pole na kuitoa taratibu zaidi ya nilivyoivuta, huku kinywa kikiwa wazi. Linaonekana rahisi mpaka ujaribu. Wengi wetu tukifungua kinywa tunahamia kuvuta pumzi kwa kinywa bila kujua, na ukiwa na mpira kooni hapo ndipo hofu inapoanzia. Nilikuwa nafanya kila jioni, nimelala ubavu wa kushoto, nimeng'ata kitambaa safi kilichoviringishwa, taulo chini ya shavu, mate nayaacha yachuruzike. Kama pua yako huwa imeziba, mwambie daktari mapema ili izibuliwe siku hiyo.

Pia aliniandikia orodha ya kuwasilisha: dawa zote ninazotumia. Hapa nawasihi msifiche wala msiache dawa kwa uamuzi wenu. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini na klopidogreli, wanaojidunga insulini au kumeza dawa za kisukari, na wanaojidunga zile dawa mpya za kupunguza uzito zinazochelewesha chakula kutoka tumboni, wote wanahitaji maelekezo yao binafsi. Mzio, ujauzito, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, kukoroma sana usiku kwa kukatika pumzi, jino linalotikisika, yote yasemwe. Mwenye kisukari aombe kuwekwa wa kwanza asubuhi. Na hata asiye nacho aombe, kwa sababu kukaa benchi saa nyingi na njaa, ukiwatazama waliokutangulia wakitoka, kunaongeza hofu bure.

Kuhusu kufunga, kanuni iliyozoeleka ni saa 6 angalau bila chakula na saa 2 bila maji kwa mtu wa kawaida, ila fuata ulichopewa na hospitali yako. Wengi hujizuia hata maji tangu jioni, wakafika wamekaukiwa, mishipa haionekani, kichwa kinagonga. Kama umeruhusiwa maji mpaka saa 2 kabla, kunywa. Lakini chakula usile hata kwa siri. Tumbo likiwa na chakula daktari haoni, unaweza kutapika kikaingia mapafuni, na kipimo kitaahirishwa, urudi siku nyingine ukalipe tena.

Siku ya marudio nilikwenda na sharti moja nililolisema kwa daktari kabla sijalala: ganzi ipewe muda. Akakubali bila kuchukia. Nilipuliziwa, nikameza nilipoambiwa nimeze, nikapuliziwa tena, tukasubiri dakika kadhaa. Koo likawa zito, nikahisi limevimba na siwezi kumeza. Hiyo ndiyo dalili kwamba ganzi imekamata, haijavimba kitu. Mtu asiyeambiwa hilo huanza kuogopa hapo hapo, na mimi mara ya kwanza ndivyo ilivyokuwa.

Kisha tukapatana ishara. Ukiwa na mpira kooni huwezi kusema, na umelalia mkono wa kushoto, kwa hiyo wa kulia ndio wa kuongea: nikiinua kiganja, daktari anasimama kidogo bila kusukuma. Nilihitaji kuitumia mara chache sana, lakini kule kujua kwamba ninayo kulinifanya nisiuguse mpira kabisa.

Muuguzi alikaa upande wa uso wangu, mkono begani pangu. Kidevu akakishusha kidogo kuelekea kifuani. "Fungua macho, tazama ile swichi ukutani. Usifumbe." Nikaitazama swichi nyeupe yenye alama ya kidole pembeni, mpaka leo naweza kuichora. Macho yakifumbwa, akili yote inahamia kooni. Mpira ulipofika mahali pa kumeza akasema, "Meza sasa," nikameza, ukapita. Hapo ndipo pagumu pa kipimo chote, sekunde chache tu. Baada ya hapo: "Mate usimeze, yaache yatoke. Toa pumzi… taratibu… hivyo hivyo." Alikuwa anahesabu pumzi zangu kwa sauti ya chini. Nilihisi tumbo linajaa, mbweu zikanitoka, nikaona aibu, akasema, "Hiyo ni hewa yetu sisi, si yako." Kila hatua daktari aliitaja kabla hajaifanya: sasa tunaingia tumboni, sasa nageuza, utahisi kusukumwa, sasa nafyonza hewa natoka. Kidonda kilikuwa kimefunga.

Nilikaa kitandani nikilia, na safari hii si kwa maumivu. Ni daktari mwingine, lakini chumba kilekile na mpira wa aina ileile, nami bado sikuchomwa dawa yoyote ya usingizi.

Nitoke nje ya habari yangu kidogo. Mwaka 1868 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, alitazama ndani ya tumbo la mtu aliye hai kwa kutumia bomba lililonyooka la chuma, na mtu aliyeweza kulistahimili alikuwa mwanamazingaombwe wa kumeza panga. Mpira unaopinda na kupitisha mwanga ulipatikana mwaka 1957, na Basil Hirschowitz, aliyeutengeneza na wenzake huko Michigan, Marekani, aliumeza mwenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Nalipenda jambo hilo. Natamani kila anayeingiza mpira angekuwa ameumeza japo mara moja.

Kwa wale ambao koo lao halikubali kabisa, baadhi ya hospitali zina mpira mwembamba zaidi, milimita 5 hadi 6, unaopitia puani. Haugusi shina la ulimi, ndiyo maana hauamshi kichefuchefu sana, na unaweza hata kuongea kipimo kikiendelea. Haupo kila mahali, lakini kuuliza hakugharimu kitu. Na kama daktari anachotafuta ni yule bakteria tu, na huna dalili za hatari kama kupungua uzito, kutapika damu au chakula kukwama, muulize kama kipimo cha pumzi au cha choo kinatosha. Kipimo kisichokuwa cha lazima, njia bora ya kupunguza maumivu yake ni kutokifanya.

Tukaja chini. Kolonoskopia, yaani kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, wengi huiogopa zaidi, na kwa kweli iliyonichosha ni maandalizi yake kuliko kipimo chenyewe. Vidonge vya madini ya chuma niliambiwa nivisimamishe wiki moja kabla, kwa kuwa vinafanya choo kuwa cheusi na cha kunata, hakisafiki. Siku chache za mwisho unaacha mbegu, karanga, nafaka zisizokobolewa, mboga na matunda yenye maganda. Siku ya mwisho ni vinywaji vinavyopenyeza mwanga tu, na visiwe vyekundu wala vya zambarau, maana rangi hiyo kwenye ukuta wa utumbo hufanana na damu.

Dawa ya kusafisha tumbo ni unga unaochanganywa na maji mengi, lita 2 hadi 4 kutegemea aina. Ina chumvichumvi na mnato fulani unaokinaisha. Niliyojifunza ni haya. Ichanganye mapema uiweke kwenye jokofu, ikiwa baridi ladha hupungua sana. Tumia mrija, uuweke nyuma ya ulimi. Kamulia limau ukiruhusiwa, au lamba kipande cha limau katikati ya glasi na glasi. Glasi moja kila dakika 10 hadi 15. Kichefuchefu kikizidi, pumzika nusu saa, tembeatembea, kisha endelea taratibu, usiache. Vaa nguo nzito, kwa sababu lita za maji baridi tumboni humfanya mtu atetemeke. Na uombe kuinywa kwa mafungu mawili, nusu jioni na nusu iliyobaki alfajiri, yaani zikiwa zimebaki saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, uwe umemaliza angalau saa 2 kabla. Kuamka usiku ni kero, lakini utumbo unasafika vizuri zaidi kuliko ukinywa yote jioni, na kunywa kwenyewe kunavumilika. Utajua umefika unapotoa maji ya manjano hafifu yasiyo na punje.

Jambo lisilosemwa: kuharisha mara nyingi hivyo huchubua. Kabla hujaanza glasi ya kwanza, jipake mafuta ya mgando kuzunguka njia ya haja kubwa, na uendelee kupaka kila baada ya kusafika. Karatasi kavu iache. Tumia maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, ukibonyeza bila kusugua. Ningekuwa sikuelekezwa hivyo na yule muuguzi, ningefika kwenye kipimo tayari nina maumivu pale pale mpira unapoanzia.

Kisha aibu. Hii nayo ni maumivu, na inafanya mwili ukakamae. Unalala umekunja magoti, nyuma pako wazi, na watu usiowajua wamesimama. Niliomba mambo mawili: shuka lifunike kila kisichohitajika kuonekana, na awepo mwanamke chumbani. Yote nilipewa. Baadhi ya hospitali zina hata kaptula za kutupa zenye uwazi nyuma, kwa hiyo uliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nakubaliana nao, lakini anayekuhudumia naye ana wajibu wa kukusitiri.

Kuhusu dawa ya kutuliza, kila mtu apime mwenyewe. Unaweza kuwa macho kabisa. Unaweza kuchomwa dawa ya kukulegeza, mara nyingi midazolamu pamoja na fentanili, ambayo hukuacha umesinzia huku ukisikia ukiambiwa ugeuke. Au unaweza kulazwa usingizi mzito zaidi kwa propofoli, na hapo anahitajika mtaalamu wa usingizi karibu. Huko Norwei wagonjwa wengi huanza bila dawa na kuongezewa wakihitaji. Uingereza iko gesi ya kuvuta ambayo nguvu yake huisha haraka. Kadiri dawa inavyokuwa nzito ndivyo usumbufu unavyopungua, lakini hatari kwa upumuaji huongezeka, gharama hupanda, na siku nzima inakwenda. Mimi kwa kolonoskopia nilichagua ya kulegeza, na sijutii. Asije mtu akakuaibisha kwa kuiomba, wala asije akakulazimisha kama hutaki.

Ukichomwa dawa hizo, huruhusiwi kuendesha gari, kushika mashine, kunywa pombe wala kutia saini mkataba kwa saa 24. Lazima awepo wa kukuchukua. Hilo ni gharama pia: binti yangu alipoteza siku ya kazi, na sikuwa nimeihesabu. Uliza mapema bei inajumuisha nini, kwa kuwa dawa ya usingizi, maabara ya vinyama na dawa ya kusafisha tumbo mara nyingi hutozwa kando, na mtu akishalala kitandani si wakati wa kubishana na karatasi. Tena midazolamu hufuta kumbukumbu. Daktari alikuja kunieleza majibu nikaitikia vizuri kabisa, nikiwa nimekaa, macho wazi. Sikumbuki hata neno. Binti yangu anasema nilimuuliza swali lilelile tena na tena njiani. Kwa hiyo mwenzako aingie wakati wa maelezo, au yaandikwe.

Ndani ya chumba, lililonisaidia zaidi ni hewa. Muulize daktari kama wanatumia kaboni dayoksaidi kupuliza utumbo badala ya hewa ya kawaida. Hewa tunayovuta sehemu kubwa ni naitrojeni, ambayo utumbo hauinyonyi kwa urahisi, ikabaki kukuvimbisha kwa saa nyingi. Kaboni dayoksaidi hunyonywa haraka sana, ikaingia kwenye damu na kutoka kwa pumzi. Wapo pia madaktari wanaoingia kwa kutia maji badala ya gesi, na utumbo hautanuki sana. Sikuwa na uwezo wa kuamua mashine yao, lakini swali lenyewe lilimfanya daktari aseme, "Sawa, tutatumia gesi kidogo iwezekanavyo, na tutaifyonza tukitoka."

Utumbo mpana una urefu wa mita 1.5 hivi, na una kona. Mpira ukisukumwa unaweza kujikunja kitanzi, hasa upande wa kushoto chini, ukavuta utando unaoshikilia utumbo. Hapo ndipo yalipokuja yale maumivu ya kubana yaliyonizindua katika usingizi wangu mwepesi. Niliinua mkono. Daktari akasimama, akavuta mpira nyuma kuunyoosha, wakanigeuza chali, muuguzi akanikandamiza tumbo kwa kiganja chini ya kitovu, na maumivu yakakatika papo hapo. Kwa hiyo ukiumia usijikaze kimya. Kunyamaza kunamnyima daktari taarifa, kwa sababu maumivu yako ndiyo yanayomwambia kwamba kitanzi kipo. Mwanamke aliyewahi kupasuliwa tumbo la chini au kutolewa kizazi aseme mapema, maana utumbo wake huenda umeshikana mahali, na daktari anaweza kuchukua mpira mwembamba zaidi.

Mwisho wa kipimo nao una uzito wake. Mwaka 1996 watafiti Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walitoa utafiti ambao wagonjwa wa kolonoskopia walitaja maumivu yao kila sekunde 60. Walichokuja kukikumbuka baadaye hakikutegemea kipimo kilichukua muda gani. Kilitegemea pale palipouma zaidi na namna dakika za mwisho zilivyokuwa. Mwaka 2003 wakatoa jaribio la wagonjwa 682: nusu yao ncha ya mpira iliachwa imetulia muda mfupi kabla ya kutolewa, na hao wakakumbuka maumivu madogo zaidi. Nayasema haya kwa madaktari na wauguzi wanaosoma. Msimalizie kwa haraka na kwa kuchomoa. Kile mgonjwa anachokwenda nacho nyumbani ndicho kitakachoamua kama atarudi.

Baada ya kipimo cha juu, usile wala usinywe mpaka ganzi iishe, kama saa moja hivi. Jaribu kwanza funda dogo la maji ya kawaida, na cha moto kiache mpaka koo lihisi tena. Koo linaweza kuuma siku moja au mbili. Vinywaji baridi, chakula laini na parasetamoli vinatosha. Sisi wenye vidonda tusikimbilie ibuprofeni. Baada ya kipimo cha chini, tatizo ni gesi. Toa, usiibane, wauguzi wanataka kuisikia. Tembea mara tu miguu ikiwa na nguvu, lala ubavu ukivuta magoti kifuani, kunywa kitu cha uvuguvugu, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa juu ya tumbo. Kula kidogo mwanzoni. Kwangu tumbo lilikuwa limetulia kufikia jioni.

Lakini yako maumivu ambayo hayatakiwi kuvumiliwa. Tumbo kuuma sana na kuzidi kuwa gumu, homa na kutetemeka, kutapika damu, choo cheusi kinachonata, damu nyingi kutoka nyuma, kifua kuuma, kushindwa kumeza, au shingo kuvimba: rudi hospitali siku hiyohiyo, usingoje kukuche. Utumbo kutoboka ni nadra, ila hutokea. Na kama umekatwa kivimbe, yaani kinyama kilichoota ndani ya utumbo, damu inaweza kuja hata hadi wiki 2 baadaye, wakati umeshasahau. Mimi nilikatwa kimoja kidogo, nikaambiwa nisisafiri mbali na huduma katika muda huo.

Kivimbe hicho ndicho kinachonirudisha miaka ijayo. Kabla sijaondoka niliomba karatasi, si ya majibu pekee, bali ya namna kipimo kilivyofanyika: dawa gani ya kutuliza na kiasi gani, mpira wa aina gani, kitanzi kilijikunja wapi, nililazwa vipi ndipo kikaachia, na maandalizi ya tumbo yalikuwa safi kiasi gani. Daktari aliandika mistari michache tu. Nimeiweka pamoja na majibu ya maabara, na nimempa binti yangu nakala, ili atakayenipima mara ijayo, popote nitakapokuwa, aanzie pale huyu alipoishia.